Ramani za Kale Zimefunguliwa, Sasa Tuzisome

Leo nataka tuzungumze juu ya ramani. Sina maana ya ile ya kwenye simu inayokuelekeza njia ya hospitali au ya harusini. Nazungumzia ramani za kale, zilizochorwa kwa mkono miaka mia moja na zaidi iliyopita, zikionyesha milima yetu, mito yetu, njia za misafara, na vijiji ambavyo vingine leo havipo tena. Kwa muda mrefu ramani hizo zilikaa makabatini Ulaya na Marekani. Aliyetaka kuziona ilimbidi apande ndege. Sasa nyingi zimewekwa mtandaoni, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzifungua bila kulipa ada yoyote.

Hoja yangu ya leo ni hii. Kufunguliwa kwa ramani hizi ni haki yetu, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu iliyomo ilitoka vinywani mwa watu wetu. Lakini haki hiyo haitatufaa kitu kama hatutazisoma wenyewe, tukazisahihisha wenyewe, na tukafungua makabati yetu wenyewe. Nitaieleza hatua kwa hatua, nawe nisikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili linagusa kiwanja chako, mtaro wa mtaani kwako na somo la mtoto wako shuleni.

Nianze na mfano unaotuhusu moja kwa moja. Mjini London ipo British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Humo umo mkusanyiko mkubwa wa ramani uliotoka Wizara ya Vita ya nchi hiyo. Sehemu yake moja inahusu ile iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya na Uganda za leo, pamoja na maeneo ya nchi jirani yanayopakana nazo, Tanzania ikiwemo. Nyingi ya ramani hizo zilichorwa kati ya mwaka 1890 na 1940, na ni mamia ya karatasi. Mfuko wa hisani uitwao Indigo Trust ulitoa fedha, na maktaba ikazifanyia ukarabati karatasi zilizochakaa, ikaziorodhesha, ikazipiga picha za ubora wa juu, kisha ikaziweka mtandaoni. Nakala zake zikapelekwa pia Wikimedia Commons, ghala la picha linaloihudumia Wikipedia, ili kila mtu azipakue na kuzitumia.

Sasa tuulizane: ramani hizi zilichorwa na nani, na kwa ajili gani? Hapa hatuna budi kusema kweli. Hazikuchorwa ili zitufae sisi. Zilichorwa na maofisa wa jeshi, na tume za kuweka mipaka, na wapimaji wa njia ya reli, na mabwana wa wilaya waliokuwa safarini. Mchoro ulitumwa London, na huko wachoraji wa Wizara ya Vita wakaukusanya pamoja na michoro mingine na kutengeneza ramani ya kuchapishwa. Kisima kiliwekwa kwenye karatasi ili askari wajue watakunywa wapi. Njia ilichorwa ili ijulikane kama mizigo na mizinga itapita. Kijiji kiliandikwa ili ijulikane kina watu wangapi na chakula kiasi gani. Ni karatasi za utawala, na baadhi yake zilitangulia mashambulizi na kuhamishwa kwa watu. Anayezitazama bila kukumbuka hilo atadanganyika.

Lakini hebu tuisogelee karatasi moja ya namna hiyo. Fungua ramani ya njia ya wakati ule, ikuze kwenye kioo cha simu yako polepole, nawe utaona jinsi ilivyojengwa. Kuna mstari mmoja unaopinda kutoka upande huu wa karatasi hadi ule. Huo ndio uliokuwa mwendo wa msafara. Juu ya mstari mna vituo, na kando ya kituo pengine pameandikwa tarehe ya kulala hapo. Pembeni mna maneno mafupi ya kueleza nchi: hapa maji yapo mwaka mzima, hapa ni ya mvua tu, hapa nyasi ndefu, hapa miti ya miiba. Vilima vimetiwa vistari vidogovidogo vya wino kuonyesha mteremko. Mchoraji alikuwa na dira mkononi na saa mfukoni. Dira ilimwambia anaelekea upande gani, na saa ilimwambia ametembea muda gani. Alikadiria mwendo wa wapagazi kwa saa moja, akapiga hesabu, akapata umbali. Usiku, kama mawingu hayakuzuia, alipima nyota ili ajue yuko umbali gani kutoka ikweta. Asubuhi safari ikaendelea.

Na nje ya mstari ule kuna nini? Mara nyingi hamna kitu. Karatasi ni nyeupe. Weupe huo ndio uliowapoteza wengi. Mtu aliyekaa ofisini London aliutazama akadhani nchi ni tupu, haina mwenyewe. Ukweli ni kwamba mchoraji hakupita huko. Watu walikuwapo, wakilima, wakichunga, wakizika wazee wao. Kwa hiyo, msikilizaji, ukikuta kwenye ramani ya kale eneo la kwenu halina jina hata moja, usikubali kuambiwa kwamba hapakuwa na watu. Uliza kwanza mchoraji alipita njia gani.

Nije sasa kwenye jambo ninalolithamini kuliko yote katika habari hii, nalo ni chanzo cha elimu iliyomo ndani ya ramani hizi.

Mwaka 1856, huko Gotha nchini Ujerumani, mhariri mashuhuri wa jiografia, August Petermann, alichapisha ramani iliyowashangaza wataalamu wa Ulaya. Ilikuwa kazi ya wamisionari wawili wa Rabai, karibu na Mombasa: Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Rebmann ndiye aliyeripoti kwamba mwaka 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akabezwa na wasomi waliokaa kwao. Safari hii ramani yao ilionyesha katikati ya Afrika bahari moja kubwa mno, ndefu, iliyopinda, kuanzia karibu na ikweta hadi mbali kusini. Waliiita bahari ya Unyamwezi. London watu waliifananisha na konokono asiye na gamba, na mjadala ukawa mkali katika Royal Geographical Society, chama cha jiografia cha huko.

Elimu ile waliipata wapi, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika huko? Waliwauliza wafanyabiashara wa pwani. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa, akawahoji watu waliozoea kwenda bara kwa misafara ya pembe za ndovu. Aliyepita njia ya Tanga alisema mwisho wa safari kuna maji makubwa. Aliyepita njia ya kati kupitia Unyamwezi alisema vivyo hivyo. Aliyetokea Kilwa naye akasema hivyohivyo. Erhardt akaziunganisha habari zote tatu, akaona kwamba ni maji mamoja.

Leo tunajua kwamba ni maziwa matatu: Nyanza, ambalo Waingereza waliliita Victoria, kisha Tanganyika na Nyasa. Lakini hebu tazama kosa lilitokea wapi. Kila msafiri alisema kweli kuhusu njia aliyoipita mwenyewe. Ziwa lilikuwapo kweli mwisho wa kila njia. Kosa lilitendeka mezani, pale habari tatu za kweli zilipogeuzwa kuwa umbo moja. Wasafiri wetu hawakukosea. Na ni ramani hiyo iliyochochea safari ya wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, na Speke akaliona ziwa la kaskazini karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti mwaka huohuo. Hata katika safari hiyo hawakujiongoza wenyewe. Alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi. Baadaye Bombay alisafiri na wapelelezi wengine pia: na Speke na Grant hadi Mto Nile, na Stanley hadi Ujiji, na Cameron alipovuka bara zima kutoka pwani hii hadi ile. Ni Waafrika wachache sana wa zama zake walioiona Afrika kwa upana kama yeye.

Mfano wa pili. Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society lilichapisha maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, yaliyokusanywa na mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe, kaskazini ya Mombasa. Kichwa cha maelezo hayo kinamtaja waziwazi aliyeyatoa: Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, katika Kwale ya leo. Sadi alisimulia njia kituo kwa kituo, siku baada ya siku, kuingia nchi ya Wamaasai na kuendelea hadi upande wa Nyanza. Alijua wapi maji yapo na wapi hayapo, na nchi ipi ni ya watu gani. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyojaza ramani za baadaye, ikiwemo ile kubwa ya mchoraji ramani Ravenstein ya miaka ya 1880 yenye karatasi 25, iliyofunika Afrika Mashariki ya ikweta. Wengi waliosema kama Sadi hawakuandikwa majina. Makirangozi waliotangulia mbele ya misafara, wapagazi, wake zao waliosafiri nao, wazee wa vijiji walioulizwa jina la mlima wakajibu, wote hao wamo ndani ya ramani bila kutajwa.

Ndiyo maana nasema kufunguliwa kwa makabati ni suala la haki. Elimu ile ilitoka Tanga, Gazi, Tabora na Ujiji. Iliondoka hapa ikiwa maneno, ikafika ng'ambo ikawa wino, ikawekewa mlango na ada. Mjukuu wa yule aliyeulizwa alitakiwa kuwa na pasipoti, viza, nauli, kitambulisho cha msomaji na fedha ya nakala ili aione. Sasa mlango umefunguliwa, na hatuna haja ya kuona haya kuingia.

Pengine unaniuliza, ndugu msikilizaji: sawa, tumeelewa, lakini mimi mkulima, mimi fundi, mimi mama wa nyumbani, ramani ya mwaka 1900 itanisaidia nini leo? Swali ni zuri. Nitajibu kwa mambo mawili: maji na ardhi.

Kuhusu maji, nakupeleka kidogo New York. Mwaka 1865 mhandisi Egbert Viele alichapisha ramani ya kisiwa cha Manhattan iliyoonyesha vijito, mabwawa na madimbwi ya asili, pamoja na mitaa iliyokuwa ikijengwa juu yake. Leo vijito vile havionekani. Juu yake kuna maghorofa. Lakini wahandisi wa mji ule wanaendelea kuitazama ramani ya Viele kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu maji ya chini ya ardhi bado yanafuata njia zake za zamani.

Sasa rudi kwetu. Ramani za zamani za mji wa Zanzibar, kama ile iliyopimwa mwaka 1892 na mpimaji kutoka India, Imam Sharif, zinaonyesha mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Watu walivuka kwa daraja. Katika karne iliyopita mkono ule ulifukiwa, na leo juu yake kuna barabara, viwanja na majengo. Kijana aliyezaliwa juzi hawezi kulijua hilo kwa macho. Anayechora mtaro mpya au kupanga jengo zito pale anahitaji kulijua. Dar es Salaam nako, bonde la Mto Msimbazi limejaa nyumba mahali ambapo mto umezoea kutanda, na mafuriko ya Desemba 2011 yalichukua roho za watu. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ardhi, wakaingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, mitaro na sehemu zinazofurika, na kuziweka kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap ambapo kila mtu anazipata bure. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Ramani ya leo iliyochorwa na wakazi ikiwekwa juu ya ramani ya jana iliyochorwa na mpimaji, mjumbe wa serikali ya mtaa anaweza kumwonyesha mwenye kiwanja kwa kidole: hapa ulipojenga, mto ulikuwa hapa.

Na hilo la kuweka ramani juu ya ramani si uchawi. Unachukua picha ya ramani ya kale kwenye kompyuta, unatafuta mahali pasipohama: mdomo wa mto, kilele cha mlima, kanisa au msikiti wa kale, makutano ya reli. Unaibonyeza sehemu hiyo kwenye ramani ya kale, kisha unaibonyeza kwenye ramani ya leo. Ukifanya hivyo mara kadhaa, programu inainyoosha ile ya kale mpaka ikae mahali pake. British Library na maktaba ya taifa ya Uskoti ziliwaomba watu wa kawaida wajitolee kufanya kazi hiyo, nao wakaifanya kwa maelfu ya ramani. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza kwa mchana mmoja.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa nakuomba tahadhari. Kesi za mipaka ya vijiji na mashamba zimejaa katika mabaraza yetu. Ramani ya kale inaweza kuonyesha kwamba kijiji fulani kilikuwapo mwaka fulani, kwamba njia ya mifugo ilipita hapa, kwamba chemchemi ilikuwa upande huu. Ni ushahidi wenye thamani. Lakini si hati ya kumiliki. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiamua kesi ya mpaka kati ya Burkina Faso na Mali, ilieleza kwamba ramani peke yake haitoi umiliki wa ardhi. Ni maelezo tu, na uzito wake unategemea ilichorwa na nani, lini, na kwa usahihi gani.

Tunao mfano wetu wenyewe. Ziwa Nyasa lina mvutano wa miaka mingi kati ya Tanzania na Malawi. Malawi inasema mpaka ni ufukwe wa upande wa Tanzania, kwa mujibu wa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya ziwa. Na ramani zilizochapishwa nyakati mbalimbali hazikubaliani: nyingine zinauweka mpaka ufukweni, nyingine katikati. Mtu anayekuonyesha ramani moja na kukuambia kesi imekwisha, mwambie alete na nyingine. Na hapo ndipo faida ya kuzipata bure inapoonekana. Kama ni serikali na wanasheria tu wanaoziona, mwananchi wa Mbamba Bay au Nkhata Bay atabaki kuambiwa. Akiziona mwenyewe, atauliza maswali.

Tuzungumze sasa juu ya neno hili bure, maana lina ngazi zake. Ipo maktaba inayokuruhusu kutazama tu. Ipo inayokuruhusu kupakua kwa kujisomea lakini si kuchapisha. Na ipo iliyoachilia kabisa haki zake. New York Public Library mwaka 2014 ilitoa zaidi ya ramani 20,000 na kutangaza kwamba haidai haki yoyote juu yake. Ziweke kitabuni, zichape kwenye kanga, zifundishie, hakuna wa kukudai. Mimi naona huo ndio mfano unaostahili kufuatwa. Ramani ambayo hakimiliki yake imekwisha ni mali ya umma, na kuipiga picha hakuigeuzi kuwa mali mpya ya mpiga picha. Ipo pia hazina ya ramani ya David Rumsey katika Chuo Kikuu cha Stanford. Ipo maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas, yenye makumi ya maelfu ya ramani ambazo nyingi hazihitaji ruhusa. Ipo maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern, iliyoweka ramani za kale za Afrika kuanzia karne ya 16. Walimu, yaandikeni majina hayo.

Lakini bure ya huko bado ina gharama huku. Picha moja ya ramani iliyo safi ni faili zito, na bando letu tunalijua. Nashauri mmoja aliye karibu na mtandao wa chuo au wa maktaba apakue, kisha agawie wenzake kwa fleshi. Mwalimu achape ramani moja kwa karatasi kubwa, aibandike darasani. Moja inatosha kwa kuanzia.

Gharama nyingine ni majina. Katalogi ziko kwa Kiingereza, na majina yameandikwa kama masikio ya mgeni yalivyosikia. Ukitafuta Unyamwezi unaweza usipate kitu, lakini jaribu Uniamesi. Kwa Kilwa jaribu Quiloa. Kwa Mombasa jaribu Mombas. Kwa pwani yote ya Zanzibar jaribu Zanguebar. Andika Masai badala ya Maasai. Utaona milango inafunguka. Na ukiona jina limekosewa, usiishie kunung'unika. Maktaba nyingi zinapokea masahihisho, na Wikimedia Commons unaweza kuandika maelezo kwa Kiswahili wewe mwenyewe. Nani ajuaye jina la kilima cha kwenu kuliko wewe na bibi yako?

Jambo la mwisho kabla sijafunga ni usalama wa hazina hizi. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliishambulia British Library. Katalogi ikazimika, na huduma nyingi za kidijitali zikakatika kwa miezi mingi. Mtafiti aliyetegemea tovuti moja alikwama. Lakini picha za ramani zetu zilizokuwa zimenakiliwa Wikimedia Commons ziliendelea kupatikana. Somo ni wazi: kitu chenye nakala mahali pengi hakipotei kwa pigo moja. Nakala hizo zinapaswa kuwa pia hapa kwetu, kwenye mitambo ya vyuo vyetu na maktaba zetu, ili siku tovuti ya London au Texas ikizimika, mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu asikae bila ramani.

Na kwa nini tuzungumze juu ya makabati ya wenzetu tu? Tunayo yetu. Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, makavazi ya Kenya pale Moi Avenue jijini Nairobi, na idara za upimaji na ramani katika nchi zetu zote, zote zimehifadhi mali kubwa. Tangu mwaka 1946 Waingereza walianza kupiga picha za angani za makoloni yao na kutengeneza ramani za kipimo cha moja kwa elfu hamsini, na karatasi hizo zimesambaa katika ofisi za wilaya zetu. Nyingine zimekunjwa, nyingine zinaliwa na mchwa, nyingine zimevujiwa na mvua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyakazi wa nyaraka zetu wanafanya kazi nzuri kwa bajeti ndogo, nao wanastahili mashine za kuskani, hifadhi ya umeme na mafunzo, na wanastahili kuvipata mwaka huu wa fedha.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu. La kwanza, kwa serikali zetu: ramani zote zilizopita umri wa hakimiliki na zisizogusa usalama wa nchi ziskaniwe na kuwekwa wazi, bila ada, na bila masharti ya kuandika barua ya kuomba kibali. Hatuwezi kuwadai wengine wafungue ilhali sisi tumefunga. La pili, kwa maktaba za ng'ambo: msiishie kutuwekea picha. Tuleteeni mafaili kamili, tusaidieni kuandika katalogi kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa, na pale inapojulikana nani alitoa habari, kama Sadi bin Ahedi, mwandikeni kwenye katalogi pamoja na mchoraji. La tatu, kwako wewe msikilizaji: juma hili tafuta ramani moja ya kale ya wilaya yako. Kaa na mzee mmoja, mkuzie picha, msomee majina, umsikilize. Yaliyo sahihi yaandike. Yaliyokosewa yaandike pia, na jina la kweli kando yake, na jina la mzee aliyekuambia, kwa ridhaa yake. Kisha uyatume mahali ambapo mwingine atayasoma.

Ramani zile zilianza kwa mtu wa pwani au wa bara kuulizwa swali na kujibu kwa ukweli. Mara ya kwanza jibu letu liliandikwa na mwingine, kwa matumizi ya mwingine. Safari hii kalamu iko mkononi mwetu, na hakuna anayetuzuia kuandika.